Kina Ilunga Sita

Orodha ilinifikia Jumatatu asubuhi ndani ya flashi, imefungwa kwenye kipande cha nailoni kwa sababu ya mvua. Ilikuwa Januari, wakati barabara za Manika, hapa Kolwezi, zinapokuwa tope tupu na mabasi ya wafanyakazi yanachelewa kufika migodini. Kampuni niliyoifanyia kazi wakati huo, mkandarasi wa matengenezo ya mitambo, ilikuwa imepata mkataba mpya. Watu 214 walikuwa wameajiriwa kwa mkupuo mmoja, na wote walitakiwa wawe na anwani za barua pepe kabla ya Ijumaa, kwa kuwa karatasi za mshahara zisingechapishwa tena. Zingetumwa kwa kompyuta. Nilikaa nikasoma majina yote kutoka juu hadi chini kabla sijagusa kitu kingine. Nilipofika mwisho nilikuwa nimehesabu kina Ilunga sita. Wawili waliitwa Ilunga Ngoy. Mmoja aliitwa Ngoy Ilunga. (Majina nimeyabadilisha, ila mchanganyiko wake ni uleule.)

Niliyaona, nikayapita. Kosa hilo ni langu, na nitalieleza.

Kumfungulia mtu mmoja akaunti ya barua pepe si kazi ngumu. Unaingia kwenye ukurasa wa msimamizi, unaandika jina, unaandika anwani, unatunga neno la siri la kuanzia, unamweka kwenye kundi lake, unabonyeza, unasubiri. Kwa intaneti yetu ni dakika nne ukiwa na bahati. Zidisha kwa 214 upate dakika 856, yaani saa kumi na nne na ushee za kubonyeza palepale. Mimi nikifika jina la hamsini macho huanza kuruka mistari. Ndiyo maana kazi hii tunaiachia skripti.

Skripti ni maagizo yaliyoandikwa kwenye faili, mstari baada ya mstari, ambayo kompyuta inayasoma na kuyatekeleza yenyewe. Nikiwaeleza wazee wa hapa huwa nawakumbusha siku ya poso. Aliyekulia kambi za Gécamines, kampuni ya migodi, anaijua: karani amekaa na daftari lake, anasoma matrikile, yaani namba ya mfanyakazi, mtu anajitokeza, anapewa unga wake, karani anatia alama, anasoma namba inayofuata. Skripti nayo inafanya hivyo. Inasoma mstari wa kwanza wa orodha, inafungua akaunti, inaandika kwenye daftari lake kwamba imemaliza, inahamia mstari wa pili. Akaunti 214 zinakwisha kabla chai haijapoa. Lakini karani wa poso aliwajua watu. Akikuta jina limekosewa alimtazama mwenyewe, akarekebisha, akaendelea. Skripti haimtazami mtu. Ukiiandikia Ilumga, itamfungulia Ilumga akaunti safi kabisa, na mshahara wa Ilunga utakwenda huko.

Seva yetu ilikuwa ya Zimbra, programu ya barua pepe yenye toleo huria lisilolipiwa. Amri yake ya kufungua akaunti ni fupi: zmprov ca, kisha anwani, kisha neno la siri, kisha displayName, yaani jina litakaloonekana kwa wapokeaji. Unapanga amri 214 za namna hiyo katika faili moja na kuikabidhi seva faili lote. Wanaotumia mitambo ya Microsoft wana PowerShell, iliyotoka mwaka 2006. Wenye huduma ya Google wengi hutumia chombo kiitwacho GAM. Amri zinatofautiana majina, mwendo ni mmoja.

Orodha kama hizi haziishi kwetu, na sababu ni mji wenyewe. Kolwezi ilianzishwa 1937 iwe makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière, na kwa miongo mingi mwajiri alikuwa mmoja, kwanza Union Minière, halafu Gécamines. Siku hizi kuna KCC, kuna COMMUS katikati ya mji, kuna Sicomines, kuna Kamoa upande wa magharibi iliyoanza kutoa shaba mwaka 2021, kuna TFM kule Fungurume, na chini ya kila mmoja kuna wakandarasi wa usafiri, wa chakula, wa ulinzi, wa umeme, wa kuchomelea vyuma. Sheria ya Februari 2017 iliyowatengea Wakongomani kazi za ukandarasi iliwafungulia wengi mlango. Wakandarasi hawa huajiri kwa miezi mitatu, miezi sita, kisha mkataba ukiisha watu wanaondoka na wengine wanaingia. Ndiyo maana orodha ya wapya hainiishi mezani, wala ya wanaoondoka. Tangu mji huu ulipofanywa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba mwaka 2015, ofisi nazo zimeongezeka, na ofisi inayojiheshimu haitaki tena kuandikiwa kwenye anwani ya bure ya mtu binafsi. Inataka anwani yake yenyewe, inayoishia na .cd. (Herufi hizo nazo zina umri wake: hadi 1997 nchi ilikuwa Zaïre, na kwenye intaneti ilikuwa .zr. Nchi ilipobadilika jina, anwani nazo ilibidi zihame.)

Skripti yangu ya kwanza niliiandika kwa mfano niliousoma kwa Kiingereza, na ilianguka dakika ileile. Sababu ni alama ndogo. Orodha za namna hii huandaliwa kwenye jedwali la Excel, kisha zinahifadhiwa kama maandishi matupu, kila safu ikitengwa na koma. Lakini Excel iliyopangwa kwa Kifaransa, kama zilivyo karibu zote huku kwetu, haitengi kwa koma. Koma imeshaichukua kwa ajili ya desimali. Inatenga kwa nukta mkato. Skripti ikatafuta koma, haikuiona, ikaumeza mstari mzima kama jina moja: majina, matrikile, simu na idara vyote vimeshikana. Nilitumia nusu siku kutafuta kosa kwenye amri zangu, na halikuwa humo.

Halafu ikaja sifuri. Namba zetu za simu huanza na sifuri, na Excel ikiona 0 mwanzoni mwa namba huiona haina kazi, inaitupa. Maneno ya siri ya kuanzia tulipanga yatumwe kwa ujumbe wa simu, kila mtu kwenye namba yake. Siku ya kwanza hakuna hata mmoja uliofika. Na baada ya sifuri zikaja herufi zenye alama: Hélène akatokea kwenye skrini na vikorokoro katikati ya jina lake, kwa sababu faili liliandikwa kwa mfumo mmoja wa herufi na seva ikalisoma kwa mwingine. Kwenye anwani yenyewe alama hizo tunaziondoa, helene, ili mtu aweze kuiandika kwa simu yoyote. Lakini kwenye displayName nasisitiza zibaki. Mama aliyebatizwa Hélène anastahili kusoma Hélène kwenye barua zake.

Hayo ni makosa mepesi. Yanaonekana, yanapiga kelele, unayarekebisha. Kosa lenyewe lilikuwa kimya.

Lilianza na umeme. Bwawa la Nzilo liko jirani yetu kwenye mto Lualaba, la Nseke liko chini yake, na tangu 1982 kuna waya unaoleta umeme hadi hapa kutoka Inga, kilomita 1,700. Hata hivyo umeme mjini hukatika, na hukatika wakati skripti iko katikati ya kazi. Ukirudi unakuta imefungua akaunti 90 na haijui ilipofikia. Ukiianzisha upya kutoka juu, inakwama kwenye akaunti ya kwanza kwa sababu ipo tayari. Kwa hiyo niliiongezea sharti ambalo kila msimamizi wa mifumo hufundishwa mapema: kabla ya kufungua akaunti, tazama kama anwani hiyo ipo, kama ipo, ruka, nenda kwa anayefuata. Sharti hilo linaifanya skripti iweze kuanzishwa mara kumi bila kuharibu kitu. Nililipenda. Usiku ule umeme ulikatika mara mbili, niliianzisha mara tatu, na asubuhi daftari la skripti lilikuwa safi, hakuna hata mstari mmoja wa kosa.

Mwisho wa mwezi alikuja mzee mmoja ofisini, mchomeleaji, amevua helmeti na ameishika kifuani kwa mikono miwili.

"Papa, mimi sijapata barua ya mshahara. Lakini kuna kijana wa umeme anasema ameona yangu."

Nilimpa kiti. Nilifungua seva mbele yake, na nilipoona nilihisi joto usoni. Skripti ilikuwa imemfungulia Ilunga Ngoy wa kwanza, fundi umeme, anwani ya ilunga.ngoy. Ilipomfikia Ilunga Ngoy wa pili ilitazama kama anwani ipo. Ipo. Ikaruka, kama nilivyoiagiza. Mzee wa watu hakufunguliwa akaunti kabisa, na karatasi ya mshahara wake, yenye idadi ya watoto wake na makato ya mkopo wake, ilikwenda kwa kijana asiyemjua. Sharti nililoweka kwa ajili ya umeme lilikuwa limemmeza mtu mzima.

Kosa hili lisingetokea kwa urahisi mahali pengine, na nimelifikiria sana tangu siku ile. Alama ya @, ambayo Ray Tomlinson aliichagua huko Marekani mwaka 1971 kutenga jina la mtu na jina la mashine, inadai kwamba kilichoko kushoto kwake kiwe cha mtu mmoja tu. Mifano ya kigeni inakwambia uchukue jina la kwanza, nukta, jina la ukoo. Sisi jina la ukoo la namna hiyo wengi hatuna. Watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa Ilunga, Kasongo na Banza, kila mmoja kapewa jina la aliyetangulia, na ndiyo heshima yenyewe: jina la babu linarudi nyumbani. Kwa Waluba mtoto hutajwa kwa baba yake, Ilunga wa Ngoy, Ngoy wa Ilunga, na kwenye karatasi ile "wa" inadondoka. Majina yanazunguka ndani ya familia, vizazi na vizazi, kwa hiyo hazina yake ni ndogo kuliko idadi ya watu. Mapacha nao, kwa Waluba wa Kasai, ambao hapa Kolwezi ni majirani zetu, huitwa Mbuyi na Kabanga, kila nyumba inayojaliwa mapacha.

Juu ya hapo ikaja siasa. Mwaka 1972 Mobutu aliliacha jina la Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na majina ya Kikristo yakakatazwa nchi nzima. Palipokuwa na Jean au Marie pakawekwa jina la asili, hilo tunaloliita postnom. Baada ya 1990 majina ya ubatizo yakarudi kwenye vyeti, na postnom nayo ikabaki. Ndiyo maana kijana wa leo ana majina matatu kwenye kadi yake na baba yake ana mawili. Skripti nyingi zinasema: anwani zikigongana, ongeza herufi ya jina la ubatizo. Mchomeleaji wangu alizaliwa 1974. Kwenye karatasi zake jina la ubatizo halipo.

Namba basi? Wengi hufanya hivyo, ilunga.ngoy2, na mashine inaridhika. Mimi sipendi, na sioni aibu kusema ni suala la heshima. Mtu mwenye miaka hamsini, aliyechomelea mabomba tangu ujana wake, kumwandika kwamba yeye ni Ilunga Ngoy wa pili, nyuma ya kijana aliyetangulia kwa bahati ya mpangilio wa orodha! Tena ni hatari: anayemwandikia akisahau ile 2, barua inakwenda kwa yule mwingine, na tumerudi tulipoanzia.

Jioni ile nilimsimulia baba. Baba alifanya kazi Gécamines miaka ishirini na sita, na aliondoka mwaka 2003 katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliowatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000. Alinisikiliza hadi mwisho, akiendelea kumega bukari yake.

"Karani wa poso alikuwa anaita nini?" akaniuliza.

"Matrikile."

"Basi. Kina Ilunga kambini walikuwa wengi. Hakuna aliyekula unga wa mwenzake."

Usiku huohuo nikaibadilisha skripti. Sasa haiulizi tena kama anwani ipo. Inauliza kama namba hii ya matrikile imeshafunguliwa akaunti. Kama imefunguliwa, ni kweli mtu huyo tayari anayo, iruke. Kama haijafunguliwa lakini anwani iliyopendekezwa inashikiliwa na matrikile nyingine, isimame, imwandike mtu huyo kwenye faili la pembeni, imwachie binadamu. Nikaiongezea na zoezi kavu: kabla ya kufungua chochote inapita orodha yote na kunionyesha ingefanya nini, bila kufanya. Orodha ya watu 214 hunitolea kwenye faili la pembeni watu kumi na watano, ishirini. Hao nawapigia simu mmoja mmoja. Saa kumi na nne zimekuwa saa mbili, na saa hizo mbili nazitumia kuongea na watu.

Maneno ya siri niyataje kwa haraka. Ofisi nyingi humpa kila mfanyakazi mpya neno moja la kuanzia, jina la kampuni na mwaka, na kila mtu analijua, hadi mlinzi wa getini. Skripti inaweza kumtungia kila mmoja lake, la bahati nasibu, na kuamuru libadilishwe mara ya kwanza anapoingia. Kwenye Zimbra ni mstari mmoja, zimbraPasswordMustChange. Hakuna sababu ya kutofanya hivyo.

Kuhusu wanaoondoka nitakaa kidogo zaidi, kwa kuwa wengi hudhani kazi inaishia kwenye kufungua. Mkataba wa miezi mitatu ukiisha, akaunti isipofungwa inabaki wazi na neno lake la siri liko kwenye simu ambayo labda imeshauzwa sokoni. Lakini kuifuta siku hiyohiyo nayo ni vibaya: mtu hajapokea hesabu yake ya mwisho, cheti chake cha kazi bado kinaandikwa. Zimbra ina hali mbili zinazonisaidia hapo. Ya kwanza huitwa locked: mwenyewe hawezi kuingia, lakini barua zinaendelea kupokelewa. Ya pili huitwa closed: hawezi kuingia, na barua zinamrudia aliyezituma. Nilipanga kwamba orodha ya wanaoondoka ikija, skripti iwaweke kwanza kwenye hali ya locked kwa siku sitini, na karatasi zao za mwisho tuwape mkononi. Baba alinieleza kwamba 2003 jina lake lilikatwa kwa kalamu nyekundu asubuhi moja, na mchana wa siku hiyo hata zahanati ya kambi haikumjua tena. Siku sitini zile zimetoka hapo.

Yule mchomeleaji nilimwita tena kesho yake asubuhi. Kwenye faili la pembeni ulikuwepo mstari wake. Nilimweleza kwamba wako wawili wenye majina yale, kwamba nahitaji kumwandika kwa namna itakayomtofautisha, na kwamba nataka yeye mwenyewe aseme anavyopenda kuandikwa.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti la kazi, akatoa kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee, imehifadhiwa kwenye plastiki iliyopauka. Akaiweka mezani, akaweka kidole chini ya jina la pili.

"Mimi si Ngoy," akasema. "Soma."

Nilisoma. Ngoie. Kwa i na e mwishoni, maandishi ya wakati wa Wabelgiji, kama lilivyoandikwa kwenye kitabu cha kazi cha baba yake. Aliyechapa orodha ofisini alikuwa ameona Ngoy tatu mfululizo, akadhani ya nne ni kosa, akainyoosha.

"Nilimwambia siku ya mkataba. Akasema ni sawa tu, inasomeka vilevile."

Niliandika ilunga.ngoie, nikamgeuzia skrini aione. Aliisoma polepole, herufi kwa herufi, midomo ikitikisika. Akarudia tena. Kisha akauliza kama kwenye orodha ile kuna Ngoy Ilunga, dereva.

Nikamwambia yupo.

"Huyo ni mtoto wangu. Nilimpa jina la baba." Akaisogeza kadi karibu zaidi na mimi. "Naye umwandike Ngoie."